Je, wajua kwa nini Lakers walimlipa Luol Deng misimu mitatu baada ya kustaafu?

Luol Deng alistaafu mpira wa kikapu Oktoba 2019. Mwaka mmoja baadaye Los Angeles Lakers walitwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, na katika hesabu zao za mishahara za msimu huo Deng alikuwamo kwa takriban dola milioni 5. Msimu uliofuata alikuwamo tena, na uliofuata pia, hadi 2022. Mechi yake ya mwisho na Lakers ilikuwa ya Oktoba 2017, na alicheza dakika 13.

Maelezo yanayozoeleka ni kwamba Lakers walimpa mkataba wa dola milioni 72, ukawashinda, wakaomba kuulipa kidogo kidogo. Karibu kila kipande cha maelezo hayo kina kasoro. Kwanza, pesa hawakukosa. Pili, kilichogawanywa hakikuwa milioni 72, bali kama milioni 15. Tatu, hawakuhitaji kumwomba mtu: kanuni za ligi zinairuhusu klabu inayomwachia mchezaji, yaani kumwondoa kikosini kabla mkataba haujaisha, kutandaza malipo yake yaliyobaki kwa misimu mingi zaidi.

Lipo kosa jingine, la kudhani kwamba anayestaafu hupoteza kila kitu. Mchezaji akistaafu mkataba ukiwa hai, ndiyo, kwa kawaida huacha mshahara uliobaki. Lakini Deng alikuwa ameshaachiwa na Lakers mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Alichokuwa akikidai tangu siku hiyo ni deni tu, na deni halimtaki mtu avae jezi.

Deng alizaliwa Wau mwaka 1985, katika Sudan Kusini ya leo. Familia yake ilikimbilia Misri, kisha ikapata hifadhi London. Alipata uraia wa Uingereza mwaka 2006, akaichezea nchi hiyo katika Olimpiki ya 2012. NBA aliingia mwaka 2004 akiwa chaguo la saba katika uteuzi wa wachezaji wapya, akakaa Chicago Bulls karibu miaka kumi na kuchaguliwa mara mbili kwa All-Star, mechi ya nyota wa ligi. Misimu miwili mfululizo, 2011-12 na 2012-13, aliongoza ligi nzima kwa wastani wa dakika uwanjani. Miguu iliyotumika kiasi hicho ilisainiwa na Lakers Julai 2016 kwa miaka minne. Ni majira yaleyale ambapo fedha mpya za televisheni zilipandisha kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo ligi inaipangia klabu kwa mishahara ya msimu, kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94.1 kwa mkupuo, na klabu nyingi zikanunua kama watu waliopokea malimbikizo.

Msimu wa pili Lakers waliamua kuwapa dakika vijana, Deng akabaki benchi. Kufikia majira ya joto ya 2018 mkataba ulikuwa na misimu miwili: milioni 18 kwa 2018-19 na milioni 18.8 kwa 2019-20, jumla milioni 36.8. Tarehe 1 Septemba pande mbili zilikubaliana kuuvunja. Deng alisamehe kama milioni 7.5, zikabaki takriban 29.3.

Tarehe hiyo ndiyo roho ya jambo lote. Chukulia kikomo cha mishahara kuwa basi lenye nafasi maalumu ya mizigo, na kila msimu ni safari moja. Abiria ameshashuka, lakini gunia lake limelipiwa na lazima lifike. Kulitupa hairuhusiwi. Kinachoruhusiwa ni kuligawa vifurushi na kuvisafirisha kwa safari nyingi zaidi, ili kila safari ibaki nafasi ya abiria mpya. Idadi ya safari ni misimu iliyobaki mara mbili, jumlisha moja.

Mchezaji akiachiwa kati ya Julai 1 na Agosti 31, misimu yote iliyobaki huingia kwenye hesabu hiyo. Kwa Deng ingekuwa miwili mara mbili jumlisha moja, yaani safari tano. Bila msamaha wake, hiyo ni milioni 7.36 kila msimu hadi 2023. Kuanzia Septemba 1, msimu unaoanza haugawanywi. Hugawanywa ile inayoufuata tu. Lakers walisubiri siku hiyo moja. Wakabeba kama milioni 14.3 kwa 2018-19, msimu ambao nyota LeBron James alikuwa ameshasaini, na kilichobaki, milioni 15, kikagawanywa mara tatu.

Faida ilionekana majira ya joto ya 2019: badala ya milioni 18.8, Deng alihesabiwa milioni 5. Nafasi ya milioni 13.8 ilifunguka chini ya kikomo cha milioni 109.1, wakati ambapo nyota mwingine, Anthony Davis, alikuwa njiani kujiunga nao na bado kulikuwa na kikosi cha kujaza. Kusema Deng ndiye aliyeleta ubingwa ni kutia chumvi, lakini nafasi hiyo haikukaa tupu.

Hasara pia zipo. Malipo yaliyotandazwa hayawezi kuuzwa wala kubadilishwa na klabu nyingine. Mkataba wa milioni 18.8 unaokaribia kuisha ungeweza kutumika kusawazisha mishahara katika biashara ya wachezaji. Malipo yaliyotandazwa pia huhesabika kwenye kodi ya anasa, ambayo klabu hulipa mishahara yake ikivuka mstari uliowekwa na ligi; wakati huo ilitoza angalau dola 1.50 kwa kila dola iliyovuka. Lakers walilipa kodi hiyo msimu wa 2021-22, kifurushi cha mwisho cha Deng kikiwa bado kwenye basi. Ligi nayo imeweka breki: malipo yaliyotandazwa ya wachezaji wote walioachiwa hayaruhusiwi kuzidi asilimia 15 ya kikomo kwa msimu.

Ukikuta jina la mtu asiyekuwa kikosini katika orodha ya mishahara ya NBA, anza na tarehe aliyoachiwa. Josh Smith aliachiwa na Detroit Pistons Desemba 2014, baada ya Agosti, akiwa amebakiwa na misimu miwili mbele. Miwili mara mbili jumlisha moja ni mitano, na ndivyo ilivyokuwa: Pistons walimbeba kwa zaidi ya milioni 5 kila msimu hadi 2020.