Kuahirisha masomo si kufunga begi na kuondoka

Wiki mbili za kwanza za muhula huu, foleni kwenye mlango wa Mshauri wa Wanafunzi haikuwa ya wanaotafuta vyumba vya hosteli. Ilikuwa ya waliotoweka mwaka jana na sasa wamerudi, begi mgongoni, wakidai nafasi zao. Wengi hawana hata karatasi moja. Ukiuliza, unaambiwa "nilimwambia CR" (kiongozi wa darasa), au "nilimwachia mhadhiri ujumbe WhatsApp", au lile ninalolichukia zaidi: "mfumo unajua". Mfumo unachojua ni kwamba hukujisajili, hukufanya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, na hukuandika barua. Kwa kuwa baadhi ya malalamiko haya yamefika ngazi za juu, ofisi yetu imeona itoe ufafanuzi wa namna ya kuahirisha masomo.

Sababu za kuondoka si za kubuni, na hatuzidharau. Wazazi wengi wa kandokando ya ziwa hapa Mwanza wanaishi kwa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi hupumzika na ada nayo husubiri. Kalenda ya chuo haifuati mwezi, ndiyo maana ada inalipwa kwa awamu. Mwanafunzi anayekuja wiki ya pili na kusema awamu ya kwanza itachelewa, tunaandikiana ahadi ya malipo na anaendelea na vipindi. Anayekuja jioni ya kuamkia mtihani anatukuta hatuna la kumfanyia, kwani orodha ya watahiniwa imeshatoka. Wengine wanauguliwa, wengine wanaugua wenyewe. Na mjamzito hafukuzwi chuo. Narudia kwa sababu karibu kila mwezi anakuja binti aliyekwisha kurudisha godoro nyumbani akiamini kinyume chake.

Utaratibu wetu ni huu. Barua inaandikwa kwa Msajili, kupitia kwa mkuu wa idara, kisha kwa Mshauri wa Wanafunzi. Si kwa mwalimu unayempenda. Inataja namba ya usajili, programu, mwaka wa masomo, sababu, na muhula unaokusudia kurejea. Sababu ikiwa ni ugonjwa, ambatisha taarifa ya daktari kutoka hospitali inayotambulika, iwe Bugando, Sekou Toure au ya wilayani kwenu, na ipitie zahanati ya chuo ikagongwe mhuri. Cheti cha duka la dawa hakikubaliki. Sababu ikiwa ni ada, ambatisha taarifa ya malipo kutoka kwa mhasibu. Peleka nakala tatu masijala; moja igongwe mhuri wa kupokelewa, nawe ubaki nayo. Kisha subiri jibu. Hadi utakapopata barua ya kukubaliwa wewe bado ni mwanafunzi, na unapaswa kuonekana darasani. Kupokelewa siyo kukubaliwa, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanapata mhuri wa masijala asubuhi, mchana wako Nyegezi stendi.

Kwa kanuni zetu, asiyetokea kwenye mtihani bila ruhusa anahesabiwa kuutoroka, na kutoroka mtihani ni kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Hapo hakuna sapu, ule mtihani wa marudio. Vyuo vingine vina kanuni zao, soma za kwenu. Anayeleta cheti cha hospitali cha kughushi hatuishii kwenye kamati ya nidhamu tu. Kughushi nyaraka ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Tumewahi kupiga simu hospitali na kuambiwa kwamba daktari aliyesaini alistaafu zamani.

Kwa wanufaika wa Bodi ya Mikopo, ukiahirisha, chuo kinaiarifu Bodi na fedha zinasimama. Ukirudi na barua ya kurejea, tunaiarifu tena ili zifunguliwe. Ile shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi ni ya aliye masomoni. Anayeondoka kimya huku akingoja bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, liingie akumbuke kwamba anajiongezea deni na swali la kujibu.

Sasa wazazi. Mzee mmoja alipanda meli ya asubuhi kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, akafika ofisini kwetu kabla ya saa sita, na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi. Alizipanga juu ya meza yangu moja moja: miamala ya simu ya miezi mingi, yote kwenda kwenye namba ya kijana wake. "Mwalimu, ada nimemaliza. Nataka matokeo yake, mimi ndiye ninayelipa."

Nilikuwa nimeshaona kwenye kompyuta kwamba kijana hana matokeo. Lakini mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, hainiruhusu kumsomea mtu mwingine rekodi zake bila yeye kuridhia. Wazazi hulipokea hili kama jeuri ya ofisi. Tunalofanya ni kumwita mwanafunzi, anasaini ridhaa, tunakaa wote watatu.

Kijana alikuja saa tisa. Hakuna aliyemuuliza mara mbili: ada ilikuwa imeishia kwenye mikeka ya kubeti, na darasani aliacha kwenda kwa aibu. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni wapi pa kulipia ili fedha zisipite mkononi mwa mtu. Namba ya malipo inatolewa kwa jina la mwanafunzi kwenye akaunti yake ya chuo. Mzazi aombe atumiwe hiyo, alipe mwenyewe benki au kwa simu, hela iingie chuoni moja kwa moja. Hili tunalisema kila mwaka siku ya mapokezi.

Bahati nzuri tarehe ya kuahirisha ilikuwa haijapita. Barua iliandikwa palepale, idara ikasaini, masijala wakagonga. Jibu lilitoka wiki iliyofuata. Mzee aliomba nakala yake, kijana akaridhia, nayo ikaingia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na ile miamala.