Je, wajua kwa nini redio ya Kihispania Los Angeles ilivuma saa kumi alfajiri?

Saa kumi alfajiri ni saa ya jogoo na muadhini. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Burbank, pembeni mwa jiji la Los Angeles, ndiyo saa ambayo Pedro J. González alikuwa keshakaza nyuzi za gitaa, yuko mbele ya kinasa sauti cha stesheni ya KELW. Kipindi chake kiliitwa Los Madrugadores. Kwa Kiswahili tungesema Waraukaji, wale ambao jua haliwakuti kitandani. Kilikwenda hewani mpaka saa kumi na mbili, na alikuwamo yeye pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Sánchez, wakiimba papo hapo studioni.

Sasa, nani husikiliza muziki saa hiyo?

Wenye stesheni nao walijiuliza hivyo hivyo, wakajijibu kuwa hakuna. Redio zilikuwa mikononi mwa wasemao Kiingereza, na saa za jioni ndizo zilizogombewa na wenye matangazo ya biashara. Alfajiri ilikuwa bidhaa isiyo na mnunuzi. Basi watangazaji wa lugha nyingine waliuziwa saa hizo kwa bei ya kutupa: nunua muda wako, zunguka madukani mwenyewe kutafuta matangazo, kinachobaki ni chako.

Wauzaji hawakuangalia taa za mitaa ya Wameksiko. Mchuma machungwa, mfyatua matofali, fundi wa reli, mama anayefanya kazi kiwanda cha kusindika matunda, wote saa kumi walikuwa macho. Tortilla, zile chapati za mahindi, zinageuzwa juu ya chuma, chakula cha mchana kinafungwa, watoto wanaamshwa kwa kelele. Wauzaji walidhani wanauza giza, kumbe wameuza saa pekee ambayo nyumba nzima ya Kimeksiko ilikuwa pamoja kabla ya kutawanyika.

Na giza lenyewe lilikuwa na kazi yake. KELW ilirusha matangazo kwa masafa ya kati. Mchana, mionzi ya jua huamsha tabaka la anga lililo kilomita 60 hadi 90 kutoka ardhini, nalo huyameza mawimbi ya aina hiyo, kwa hiyo redio husikika jirani tu. Jua likizama, tabaka hilo hufifia. Mawimbi hupenya, yakafika juu zaidi, yakarudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Aliyewahi kuzungusha kitufe cha redio usiku akanasa stesheni ya nchi ya mbali, kisha asubuhi akaitafuta asiipate, ameuona mchezo huo kwa masikio yake. Hivyo katika miezi ya baridi, jua likiwa bado halijachomoza, sauti ya González iliweza kwenda mbali kuliko ambavyo stesheni ileile ingefika adhuhuri. Saa ya bei chee ilikuwa na mbio ndefu kuliko saa ya bei ghali.

González mwenyewe alizoea kutuma maneno mbali. Alizaliwa mwaka 1895 katika jimbo la Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko, akajifunza kazi ya simu ya maandishi, yaani telegrafu, angali kijana, na wakati wa mapinduzi ya Meksiko akawa mpiga telegrafu wa jeshi la Pancho Villa, mmoja wa majemadari wa mapinduzi hayo. Alipovuka mpaka katika miaka ya 1920 hakukuta ofisi ya telegrafu inayomngoja. Alibeba mizigo bandarini San Pedro. Husimuliwa kwamba alikuwa akiimba huku akipakua, na sauti hiyo ndiyo iliyomfikisha redioni.

Kuimba peke yake hakumfanyi mtu kiongozi. Kilichomgeuza González ni mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Ajira zilipokauka, Wameksiko ndio walioambiwa warudi kwao. Tarehe 26 Februari 1931, polisi na maofisa wa uhamiaji waliziba njia za bustani ya La Placita, katikati ya Los Angeles, wakawafungia ndani watu wapatao 400 na kuwadai karatasi mmoja mmoja. Katika miaka ile, mamia ya maelfu ya watu waliondoshwa Marekani au walitishwa mpaka wakaondoka wenyewe, na wengi wao walikuwa raia waliozaliwa hukohuko. Jimbo la California liliomba radhi rasmi kwa sheria ya mwaka 2005, zaidi ya miaka 70 baadaye.

Fikiria basi uko jikoni, gizani, hujui kama msako wa leo utafika mtaani kwenu. Gazeti bado halijafika, na huenda usingeweza kulisoma. Kuna sauti moja tu inayozungumza lugha yako, na inayasema waziwazi: kwamba kufukuzana huku ni dhuluma. Kati ya wimbo na wimbo, González aliyasema hayo. Ndiyo maana watu walimpelekea shida zao. Wakubwa wa jiji nao walielewa upesi. Mtu anayesikilizwa na maelfu kila alfajiri, tena kwa lugha ambayo wao hawaijui, hakuwapa usingizi.

Mwaka 1934 alikamatwa, akashtakiwa kumbaka msichana. Alihukumiwa kifungo cha kati ya mwaka mmoja na miaka 50 na kupelekwa gereza la San Quentin. Baadaye msichana huyo alikana ushahidi wake, akasema alishinikizwa kuutoa. Hukumu haikutenguliwa. Mkewe María alihangaika kumtetea kwa miaka, na González alikaa gerezani miaka 6 hivi.

Kama unadhani nguvu hiyo ya redio ya asubuhi ilikuwa ya enzi za redio za mbao tu, rudi nyuma kidogo mpaka Machi 2006. Bunge la Marekani lilikuwa na muswada wa kumfanya mhamiaji asiye na karatasi kuwa mhalifu. Watangazaji wa vipindi vya asubuhi vya Kihispania Los Angeles, ambao kwa kawaida ni mahasimu wa kugombea wasikilizaji, waliungana kuita watu barabarani. Eduardo Sotelo, maarufu kwa jina la Piolín, aliwaambia wasikilizaji wavae nyeupe na wabebe bendera za Marekani. Tarehe 25 polisi walikadiria watu 500,000. Magazeti ya lugha ya Kiingereza yalishangaa umati ule umetoka wapi. Mimi nashangaa walivyoshangaa, maana tangazo lilikuwa hewani siku zote, kila asubuhi, kwa sauti ya juu.

González aliachiwa mwaka 1940, na moja kwa moja akafukuzwa nchini, lile lile alilokuwa akiwapigia kelele wenzake wasifanyiwe. Wakamshusha Meksiko. Akahamia Tijuana, mji ambao ukuta wake wa kaskazini ndio mpaka wenyewe, na ng'ambo yake ni San Diego. Akatafuta stesheni, akarudi kazini kwa miaka mingi. Yeye hakuruhusiwa kuvuka, lakini mawimbi ya redio za Tijuana yalikuwa yakivuka kila siku bila kuulizwa karatasi.

Mwishowe, katika miaka ya 1970, yeye na María waliruhusiwa kurejea Marekani. Walikaa San Ysidro, hatua chache tu kutoka mpakani. Alifariki California mwaka 1995, akiwa na miaka 99.