Je, wajua hadubini inayochora ramani ya elektroni haionyeshi elektroni ziko wapi?

Wengi wakisikia kuna hadubini ya elektroni za dhahabu wanadhani inavuta karibu mpaka unaona vipunje vinazunguka kiini, kama ule mchoro wa kitabu cha fizikia cha sekondari. Hapana kabisa. Ndani ya metali elektroni za nje hazina atomu yao, zimetapakaa kipande kizima, kwahiyo kuuliza hii imekaa wapi hakukufikishi popote, cha kuuliza ni inaelekea upande gani na ina nishati kiasi gani. Ndo maana lenzi zake zinapangwa ili elektroni zote zilizotoka kwa mwelekeo mmoja ziangukie nukta moja, hata kama zimetoka sehemu tofauti za kipande. Ni picha ya mielekeo, na mi naona hilo ni jambo la ajabu sana.

Inafanyikaje? Unapiga dhahabu, hata hii ya Chunya, kwa mwanga wa UV na elektroni zinachomoka (Hertz aliliona hilo 1887, Einstein akalieleza 1905). Sasa fikiria uko getini stendi ya Nane Nane Mbeya, ndani huingii. Kila konda, yaani elektroni, kapewa hela sawa, yaani nishati ya mwanga, tuseme elektroni-volti (kipimo cha nishati) 21.2 za taa ya heliamu, kalipa deni lake la ndani, yaani nishati inayomshikilia ndani ya metali, kalipa na ushuru wa geti, yaani nishati ya kuvuka uso wa metali, kama 5 kwa dhahabu. Wewe unahesabu alichobaki nacho, unatoa, deni la kila mmoja unalijua, na upande basi lilipoelekea unauona kwa macho.

Ila mwendo wa sambamba na uso wa kipande tu ndo unabaki vilevile, ule wa kutokea nje unabadilika pale getini, inabidi ukadiriwe. Halafu zinazotoka salama ni za tabaka chache za juu, uchafu kidogo tu unaharibu kila kitu, kwahiyo kazi yote inafanyika ndani ya chemba iliyonyonywa hewa.

Kwenye ramani ya dhahabu kundi zito la elektroni linaanza kwenye deni la kama elektroni-volti 2. Mwanga wa bluu una zaidi ya 2.5, unatosha kulipa deni hilo, kwahiyo unamezwa, nyekundu na njano zinarudi machoni kwako. Kwenye madini ya fedha kundi hilo liko chini zaidi, karibu 4, mwanga tunaouona haulifikii, rangi zote zinarudi na fedha inabaki nyeupe.