Taji la miiba linaoza kwa maji, halifi kwa kiu

Nimeletewa tena kitaluni taji la miiba, ule mmea wa maua wenye miiba, lililooza shina, na maelezo ni yale yale: "Lakini mama, mimi namwagilia asubuhi na jioni!"

Ndiyo maana limekufa. Asili yake ni Madagaska, nalo ni ndugu wa minyaa tunayozungushia maboma hapa Tabora. Nani anamwagilia mnyaa? Shina lile nene ndilo ghala lake la maji. Udongo ukilowa muda wote, mizizi inakosa hewa, inaoza, na uozo unapanda juu. Majani yanageuka njano na kupukutika, mwenye mmea anadhani ni kiu, anaongeza maji. Hapo ndipo anapolimaliza.

Jamani, chomekeni kidole udongoni kwanza. Kukiwa na unyevu, weka ndoo chini. Kiangazi, la kwenye chungu linatosheka na maji mara moja kwa wiki. Lililoshika ardhini linavumilia zaidi. Mvua zikianza Novemba, acha kabisa, na chungu ukipandishe juu ya matofali ili tundu lipitishe maji. Udongo wa mfinyanzi changanya nusu kwa nusu na mchanga wa mtoni.

Shina likibonyea kwa chini, usisubiri. Kata juu ya uozo mpaka ndani uone peupe, chovya ncha kwenye maji utomvu ukome, kisha laza kipande kivulini kama wiki moja kidonda kikauke. Ndipo upande. Wengi wanaruka hatua hii ya kukausha, halafu wanakuja kuniambia miche yangu mibaya.

Majani kupukutika kiangazi si kifo. Kwaruza gome kwa kisu. Pakiwa kijani, mmea uko hai.

Sebuleni linarefuka, linalegea, na maua huyaoni. Linataka jua nusu siku au zaidi. Samadi kila mwezi nayo inazaa majani matupu.

Kuhusu utomvu, wengine wanasema ukikugusa unakufa, wengine wanaupaka kwenye vidonda. Wote wamekosea. Unawasha ngozi, unaweza kutoa malengelenge, na jichoni ni hatari kweli. Vaa glavu unapokata, weka watoto mbali. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.