Nani huchagua vibao vya albamu ya mkusanyiko?
Mashabiki wengi wa rapu huamini kwamba albamu ya vibao bora hupangwa na rapa mwenyewe anapokaribia kustaafu. Wapo wanaofanya hivyo. Lakini nchini Marekani, ambako rekodi asilia mara nyingi humilikiwa na kampuni iliyogharimia studio, kampuni hiyo huweza kutoa mkusanyiko hata baada ya msanii kuhama, ilimradi mkataba wao haukuzuia jambo hilo. Ili kujihakikishia, tazama nyuma ya jalada, au chini ya orodha ya nyimbo mtandaoni: alama ya ℗, iliyotajwa katika Mkataba wa Roma wa 1961 (makubaliano ya kimataifa ya kulinda haki za wasanii na watayarishaji wa rekodi), kwa kawaida hufuatwa na mwaka na jina la mwenye haki za rekodi, jina ambalo (wengi hushangaa) mara nyingi si la rapa.