Je, wajua kwa nini nyumba moja ya mawe Lamu huweza kuishia na wenyewe saba?

Mtu anayepita vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, huona majumba ya mawe yaliyoporomoka sakafu na hali wenyewe wapo mjini, tena baadhi yao wana uwezo. Chumvi, mvua na mchwa wana sehemu yao katika kuangusha boriti za mikoko, na si kila gofu lina kesi ya mirathi nyuma yake. Hata hivyo, mara nyingi boriti haibadilishwi kwa sababu hakuna mtu mmoja mwenye haki ya kuamua ibadilishwe.

Dhana iliyoenea pwani ni kwamba Mwislamu hana haja ya kupanga mirathi yake, kwa kuwa Qur'ani imekwisha kumgawia kila mrithi fungu lake. Dhana hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni vigumu kuing'oa. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, huacha mali ya marehemu Mwislamu igawanywe kwa sharia ya Kiislamu, na ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inawapa makadhi mamlaka ya kuamua mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mahakama yao. Lakini aya zilezile zinazotajwa kuwa sababu ya kutopanga, yaani ya 11 na ya 12 za Surat An-Nisaa, zinasema mara nne kwamba mafungu hutolewa baada ya kutekelezwa wasia au kulipwa deni. Aya hizo zinamchukulia marehemu kuwa huenda aliusia. Zaidi ya hayo, fungu ni sehemu ya hesabu, si sehemu ya jengo: thumni ya mke, yaani moja ya nane, haisemi kama ni ya daka la mlangoni, ya chumba cha ndani au ya ngazi.

Tuchukue mtu aliyeacha nyumba moja, mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Mke hupata thumni, na kinachobaki hugawanywa mafungu sita, kila mwana mawili na kila binti moja. Nyumba ikihesabiwa kuwa vipande 48, mke ana 6, kila mwana 14 na kila binti 7. Hakuna anayekwenda kwa kadhi, kwa kuwa mama yu hai, na ni aibu kuizungumzia nyumba naye amekaa ndani yake. Mama naye akifariki, vipande vyake vinarudi kwa watoto walewale na hesabu inatakata: kila mwana thuluthi (moja ya tatu), kila binti sudusi (moja ya sita). Wangegawana siku hiyo, mambo yangekuwa mepesi. Hawagawani. Mwana mmoja anafariki akiacha mke, mwana na mabinti wawili, na thuluthi yake inakwenda kwa watu wanne. Kisha binti asiyejaaliwa mtoto anafariki. Nusu ya sudusi yake ni ya mumewe, na nusu nyingine ni ya kaka na dada waliobaki. Sasa wenye nyumba ni saba, kipimo kinachowatosha wote ni moja ya 288, na shemeji ana moja ya 12. Akioa tena kisha akafa, mjane wake mpya, ambaye pengine hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba hiyo, ataingia katika orodha. Mafakihi, yaani wataalamu wa sharia, huiita hali hii munasakha, na wana milango mizima ya vitabu ya kuikokotoa. Ni kama jahazi la ubia: washirika hugawana pato la safari, lakini hakuna awezaye kubandua ubao wake akaenda nao nyumbani.

Mpangilio wa vifo nao una nguvu ya ajabu. Katika mfano huu mwana alifariki baada ya baba yake, kwa hivyo watoto wake wamerithi kupitia kwake. Lau angalitangulia, hata kwa siku moja, watoto hao wasingepata kitu, kwa kuwa ami yao aliye hai huwazuia. Hapo ndipo wasia unapofaa, kwani mtu anaruhusiwa kumuusia asiyekuwa mrithi hadi thuluthi ya mali yake, na wajukuu waliozuiwa si warithi. Misri iliweka wasia wa lazima kwa wajukuu wa aina hiyo kwa sheria ya mwaka 1946. Wasia ulioandikwa wakati mwana angali hai, hata hivyo, haukuwa na sababu ya kuwataja watoto wake, na ndiyo maana karatasi ya miaka ishirini nyuma haitoshi.

Lamu ina desturi kongwe ya kumpa binti nyumba anapoolewa, nayo ikitimizwa huiondoa nyumba katika mirathi kabisa. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, hiba, yaani zawadi ya mtu aliye hai, haikamiliki mpaka aliyepewa akabidhiwe. Baba anayetangaza mbele ya wageni wa harusi kwamba nyumba ni ya bintiye, kisha akaendelea kushika funguo, kupokea kodi ya duka la chini na kuiacha hati miliki kwa jina lake, amewaachia watoto wake kesi. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti nayo huhesabiwa kama wasia.

Mahari ambayo hayajalipwa ni deni, na hutolewa kabla ya fungu lolote. Yasipoandikwa, mjane hulazimika kuyathibitisha kwa mashahidi ambao huenda wamekwisha kufa. Panahitaji kuandikwa pia wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Nyumba mbili za ndugu zilizounganishwa nalo zikishaangukia warithi tofauti, kila upande huweza kudai kwamba ni lake, mpaka sakafu yake itakapovuja, ambapo kila upande husema ni la wenzao.