Msafara wa kisayansi ulivyoitangulia bendera

Wengi wanaokatiza mjini Dar es Salaam wanaijua Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa, kwa kivuli na tausi wake. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribia mazao ya biashara, na anayetajwa katika mwanzo wake ni Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama. Miaka mitatu kabla, Stuhlmann huyohuyo alitoka Bagamoyo na msafara wa Emin Pasha, msafiri wa Kijerumani aliyekuwa akiitumikia serikali ya Ujerumani. Alikusanya wanyama na mimea, akachora ramani. Msafara wenyewe ulipandisha bendera ya Ujerumani Tabora na kujenga kituo Bukoba.

Hiyo ndiyo maana ya msafara wa kisayansi wa enzi za ukoloni: safari ya kupima na kukusanya, iliyogharimiwa au kulindwa na dola yenye nia na ardhi husika. Wasafiri wengine waliipenda elimu kwelikweli, sina sababu ya kuwabishia. Ila daftari likishafika Ulaya, kulisoma hakukuwa kazi ya wanasayansi peke yao.

Kwa mwanadiplomasia, faida yake ilikuwa hii: huwezi kugawana usichoweza kukitaja. Tazama mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Mpaka uliandikwa uanzie mdomo wa mto Umba, uende Ziwa Jipe, uvuke mto Lumi, upite kati ya Taveta na Uchaga, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha unyooke hadi Ziwa Victoria. Waliokubaliana walikuwa Ulaya, na majina hayo yaliwafikia kupitia taarifa za wamisionari na wapelelezi. Wachaga hawakuulizwa.

Sayansi ilifaa pia kama kisingizio cha heshima. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwakusanya wanajiografia Brussels, akazungumzia elimu na kukomesha biashara ya watumwa. Kikazaliwa chama cha kimataifa, na mwaka 1879 kikaweka kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kufika 1885, Leopold alikuwa mwenye Kongo.

Na njia zenyewe? Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuwa wamepita njia ya misafara ya Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu, wakiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India. Vitabuni walioandikwa wavumbuzi ni wale wawili.